Shemeji anataka nifikie kwake Istanbul

Shikamoo mama,

Jina langu naomba lisitoke, kwa sababu wateja wangu wanasoma ukurasa huu, na ndugu wa mume wangu pia.

Nina miaka 36, nina mume, watoto wawili na fremu ndogo Kariakoo. Nauza nguo za kike: magauni, blauzi za ofisini, abaya. Kwa miaka saba mzigo nachukua kwa wanaosafiri. Mwenye uwezo anakwenda Uturuki, anarudi na magauni, ananipa kwa bei yake, nami natia changu juu. Mwezi wa tatu mmoja wao alikosea, akanitumia picha ya risiti ya mtu mwingine, ya duka la Laleli, mtaa wa nguo za jumla huko Istanbul. Gauni ninalochukua kwake kwa elfu hamsini na tano, pale limeandikwa dola kumi na moja. Nilishinda naitazama ile picha. Jioni nikamwambia mume wangu kwamba safari ijayo naenda mwenyewe.

Nimekusanya dola 5,500. Katika hizo, 2,000 ni mkopo wa kikoba chetu. Tuko wanawake kumi na wanane na wote wanajua naondoka lini. Nikilizwa huko sitalizwa peke yangu, na hilo ndilo linaninyima usingizi. Sijawahi kuvuka mpaka zaidi ya kwenda Nairobi.

Sasa mume wangu ana binamu yake Istanbul, huu mwaka wa sita. Kazi yake ni kuwapokea wafanyabiashara wanaotoka nyumbani: anawalaza kwake, anawazungusha madukani, anawapeleka kwenye kago. Habari zilipomfikia alipiga simu usiku huohuo. “Shemeji, hoteli ya nini na nyumba ipo? Hiyo hela ya hoteli ongezea magauni.” Nyumba iko Kumkapı, anasema kufika Laleli ni kwa mguu tu. Pia anataka nimtangulizie nusu ya hela ili “ashike mzigo” kabla bei haijapanda. Mume wangu kafurahi utadhani anasafiri yeye. Mama mkwe kashanunua ubuyu wa kupelekwa. Nikigusia hoteli, mume wangu ananiambia damu nzito, na kulala hotelini wakati ndugu yuko mji uleule ni kumvunjia mama yake heshima.

Upande wa pili yuko shoga yangu aliyekwenda mwaka juzi. Alilala hoteli ya bei nafuu karibu na kituo cha tramu cha Aksaray. Usiku wa kwanza, akirudi na mkate na maji tu mkononi, wanaume wawili kwa nyakati tofauti walimfuata wakimuuliza yeye ni bei gani. Siku ya tatu akasimamishwa na watu wawili waliovaa kiraia. Mmoja akafungua kitambulisho na kukifunga hapohapo, wakasema wanakagua dola bandia. Walizihesabu mbele yake, wakamrudishia pochi, wakamtakia safari njema. Alipofika chumbani dola 700 hazipo. Yeye ananiambia, “Kaa Sultanahmet na watalii hata kama ni ghali, na usimwamini mtu.” Kumkapı anasema ni ya wahamiaji na wahuni, nisikanyage.

Nimeangalia mtandaoni. Siku nane Sultanahmet ni karibu dola 600, Laleli kama nusu ya hapo. Dola 600 kwangu ni magauni hamsini na ushee.

Kuna jambo dogo pia, labda halina maana. Shemeji alipokuja likizo mwaka juzi alichukua namba yangu. Tangu hapo hunitumia ujumbe mara mojamoja, “Shemeji, umelala?” Hakuna neno baya ndani yake. Ila huwa ni saa tano, saa sita usiku. Sijawahi kumwonyesha mume wangu. Na shemeji anaishi peke yake.

Mama, mtu kama mimi akae eneo gani? Na matapeli nitawajuaje?

Mama Magauni, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia chini. Umeniuliza mtaa na umeniuliza matapeli, na yote mawili nitayajibu kwa kadiri ninavyoujua ule mji. Lakini ule ujumbe wa saa tano usiku umeuita jambo dogo, halafu ukaupa aya yake peke yake. Nitaurudia.

Nikikuelewa vizuri, umebanwa hivi: una hela ambayo si yako yote, unakwenda mji usioujua, na watu wawili wanaokupenda wamekuchagulia vitanda viwili tofauti. Mume anasema penye ndugu, shoga anasema penye watalii. Wote wawili wanaliona swali kuwa ni la mahali. Mimi sina hakika kama ni la mahali tu.

Tuanze na Sultanahmet. Shoga yako hajakosea: taa zipo, watu wanatembea hadi usiku, polisi wa watalii wana kituo palepale. Ila tapeli naye anajua watalii wanakaa wapi. Mimi sikulizwa Aksaray. Niliingizwa mjini palepale Sultanahmet, karibu na lile jengo la kale la Aya Sofya, mchana kweupe, kwa brashi ya viatu.

Nilikuwa na marehemu mume wangu. Mng'arisha viatu alitupita na kisanduku chake begani, brashi ikamdondoka, hakugeuka. Mume wangu alikuwa mtu wa Pangani aliyelelewa kurudisha hata pini. Akaiokota, akamkimbilia, “Bwana! Bwana!” Yule mtu akaweka mkono kifuani, akashukuru kwa lugha tatu, akapiga goti na kuanza kukipaka dawa kiatu cha kulia. Ni zawadi, ni zawadi. Alipohamia cha kushoto tukaambiwa mtoto wake yuko hospitali Ankara. Alipomaliza akataja bei ya kununulia viatu vipya. Mume wangu akatoa nusu yake, kwa aibu tu, na njia nzima ya kurudi hotelini hakusema neno. Kesho yake tulimwona yuleyule kona ileile, na brashi ikadondoka mbele ya mzee mmoja wa Kizungu.

Nakusimulia haya kwa sababu umeuliza utawajuaje. Kwa sura huwezi kuwajua. Yule wa brashi alimshika mume wangu penye wema wake. Wale wa vitambulisho walimshika shoga yako penye utii wake kwa serikali, maana sisi tumefundishwa kwamba askari akisema toa, unatoa. Wanaume wanaosafiri peke yao hushikwa kwa urafiki huko Taksim: kijana msafi, Kiingereza safi, twende tunywe kidogo, kisha bili inakuja ya kufilisi na watu wawili wanakusindikiza hadi kwenye mashine ya benki. Kila mmoja hushikwa kwenye adabu yake mwenyewe. Ndiyo maana ile “usimwamini mtu” haitakusaidia sana. Utamwamini wa mapokezi hotelini, utamwamini wa kago, utamwamini muuzaji anayekufungia mzigo. La kujiuliza ni unamwamini kwa kiasi gani cha hela, na kama akikosea una karatasi gani mkononi.

Kuhusu hao wa vitambulisho, jua hili. Polisi wa Uturuki wana haki ya kukuomba pasi, na siku hizi wanakagua sana wageni, kwa hiyo tembea nayo. Kuhesabu dola zako barabarani si kazi yao. Akigusa pochi, mwambie twende kituoni, au ingia duka lolote lililo wazi na upige 112, namba moja ya polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Mwongo hapendi kuingia dukani. Na dola zote 5,500 zisiwe kwenye pochi moja, hilo naamini hata Kariakoo hulifanyi. Ubalozi wetu uko Ankara, si Istanbul, hivyo usipange kwamba ukipotelewa na pasi utaipata mpya kesho yake.

Sasa Laleli. Mtaa ule ulikuzwa na watu kama wewe. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika 1991, Warusi na watu wa Ulaya Mashariki walikuja na mabegi matupu na kuondoka wamejaza, na hadi leo utaona vibao vya Kirusi madirishani. Mchana ni Kariakoo iliyopigwa pasi: masanamu ya nguo mlangoni, wapagazi na mabelo, neno “toptan” kila kona, yaani jumla. Hutauziwa gauni moja. Utauziwa seri, mtindo mmoja kwa saizi zake zote, nayo ndiyo hesabu ya kuifanyia mazoezi kabla hujaondoka. Jioni maduka yakifungwa, mitaa ileile inabadilika wenyeji. Aksaray ni kituo kinachofuata kwenye tramu ya T1, hatua chache tu, na yaliyompata shoga yako usiku ule yamewapata wengi. Wapo wanaume pale ambao mwanamke Mwafrika anayetembea peke yake saa nne wameshampa kazi vichwani mwao. Inaudhi, na si kosa lake.

Je, Laleli ya mchana na Laleli ya usiku utazihitaji zote mbili? Mwenye biashara anayemaliza saa kumi na mbili jioni, akala, akapanda chumbani, ile ya pili anaisikia dirishani tu. Wapo wanaoweza kuishi hivyo siku nane. Wapo wanaojiona wamefungwa, siku ya nne wakatoka kutafuta chai saa tano usiku. Wewe ni yupi unajijua.

Ipo njia ya kati ambayo wengi hupita: kulala Sultanahmet au Çemberlitaş na kwenda Laleli kwa tramu, vituo viwili vitatu tu. Bei iko juu, ila chumba si lazima kiwe cha dola 600 ukikubali kidogo na cha ndani ndani. Ipo pia Osmanbey, upande wa Şişli, magauni yake ni ya mkono mzuri zaidi na bei yake inajua hivyo. Usiku pale ni makazi ya watu, na tangu 2024 metro ya kutoka uwanja wa ndege inafika Gayrettepe, ukibadilisha ni vituo viwili hadi Osmanbey. Ubaya wake, kago nyingi ziko Laleli na utatembea na mizigo.

Popote utakapochagua, jina la eneo lililoandikwa na hoteli lisikutoshe. Hoteli kadhaa hujiita za Sultanahmet na ziko chini kabisa bondeni, mwendo wa kupanda. Weka anwani kwenye ramani ya simu, fungua picha za barabara yenyewe, kisha soma maoni ya wanawake waliolala pale peke yao, hasa yale ya karibuni na yale ya manung'uniko. Ukitumiwa ujumbe wa kutaka ulipe nje ya mtandao uliowekea nafasi, acha chumba hicho. Na siku ya kufika, dereva akikwambia hoteli yako imeungua, imefungwa au imejaa na yeye anajua nzuri zaidi, mwambie akupeleke kwenye hiyo iliyoungua. Teksi iwe na mita inayosoma, na noti unayompa itaje kwa sauti, maana wapo wanaobadilisha kubwa kwa ndogo mkononi. Au panda Havaist, basi la uwanja wa ndege, ukae kimya.

Kumkapı nayo nisiiache itukanwe tu. Ndiko alipo Patriaki wa Waarmenia, ndiko kwenye mikahawa ya samaki, na wahamiaji wamejaa pale kwa sababu ambayo hata sisi tumejaa Manzese na Tandale: kodi. Wahuni wapo, na mama lishe wa Kiafrika wapo. Uchochoro wake usiku ni mtupu, ndiyo. Ila ninachokiwaza mimi kuhusu nyumba ile hakiko nje ya mlango.

Cha kwanza ni cha sheria. Tangu Januari 2024, Uturuki inamtaka anayepangisha nyumba kwa wageni wa siku chache awe na kibali. Kama shemeji anawalaza wafanyabiashara kwa malipo, muulize kwa upole kama anacho. Wewe ukilala bure kama ndugu ni jambo lingine, lakini waliomo chumba cha pili huenda si ndugu, na ukipotelewa na kitu humo hakuna risiti wala mapokezi.

Cha pili ni hela yake. Sisemi ni tapeli, simjui. Ila mtu anayezungusha wafanyabiashara madukani kwa kawaida hupata chake kwa mwenye duka, na hicho chake kinatoka kwenye bei yako. Hiyo ni kazi halali, dalali naye ana watoto. Lingekuwa jambo la kheri mkaelewana mapema kwamba utamlipa kiasi fulani kwa siku, kisha uwe huru kuuliza bei kwenye duka la jirani. Ukilala kwake, utaweza kumwambia “leo nataka kuzunguka mwenyewe”? Hapo ndipo kitanda cha bure huanza kuwa na bei.

Cha tatu, ile nusu ya kutanguliza. Anasema bei zinapanda. Lira imeshuka sana miaka hii, ni kweli, ila wauzaji wengi wa jumla Laleli hutaja bei kwa dola. Unaweza kumwomba picha ya mzigo wenyewe, jina la duka na bei ya seri, ukamwambia utalipa ukifika na kushika kitambaa kwa mkono wako. Huenda ukakosa mtindo mmoja mzuri. Upande wa pili wa mizani kuna wanawake kumi na wanane na marejesho yao.

Na sasa saa tano usiku. Nilitaka kumtetea, nikajiambia labda huko kwake ni mapema. Kisha nikakumbuka kwamba saa za Istanbul na za Dar ni zilezile tangu Uturuki ilipoacha kubadilisha saa 2016. Usiku wako ni usiku wake. Inawezekana bado ni upweke tu. Miaka sita ughaibuni humfanya mtu aandikie yeyote aliye macho, na utani wa shemeji kwetu una mlango mpana. Inawezekana pia kwamba moyo wako uliona kitu ambacho maneno yake hayakukiandika. Mimi siko ndani ya simu yako. Ninachokiona ni kwamba kati ya yote uliyoyaogopa, hili ndilo pekee ambalo mume wako halijui.

Ukiamua kumwonyesha, kuna hatari. Anaweza kuwaka na safari ikafa. Anaweza kucheka, akakwambia umezidisha, na hilo linauma kuliko kuwaka. Anaweza pia kunyamaza kidogo kisha akaelewa, wewe unamjua. Ukiamua kutomwonyesha, bado una maneno ya kweli ya kusema: nataka kulala karibu na maduka, nataka mlango ninaoufunga mwenyewe kwa sababu nina hela ya watu, na shemeji nitakwenda kumsalimia na ubuyu wake siku ya Jumapili maduka mengi yakiwa yamefungwa. Hakuna uongo humo. Mama mkwe atanung'unika, ubuyu utafika. Ila mume akija kujua baadaye kuhusu jumbe zile kwa mdomo wa mtu mwingine, atauliza kwa nini hakuzisikia kwako.

Lipo na la kusafiri na mwenzako. Mwanamke mmoja wa Kariakoo, chumba kimoja cha watu wawili, gharama nusu kwa nusu, na jioni hakuna anayetembea peke yake. Lina kasoro yake: mtaona mzigo uleule kwa wakati mmoja, na urafiki wa wauza magauni hujaribiwa mbele ya seri ya mwisho. Chagua anayeuza viatu.

Kama bado moyo unasita, jaribu kitu kimoja kabla hujalipa popote. Mwandikie shemeji mchana, mume wako akiwa kwenye kundi hilohilo la ujumbe, kwamba unashukuru kwa nyumba, utafikia hotelini, hela utakuja nayo mwenyewe, na utafurahi akikuzungusha siku mbili kwa malipo yake. Kisha subiri. Jibu lake usinitumie mimi. Lisome wewe usiku, halafu ulisome tena asubuhi.

Na siku ya kwenda kuiona Aya Sofya, mwanangu, vaa raba.